Mwili Wako ni Amana ya Mungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Afya na Imani

Maswali haya yametoka kwa washarika, wanakwaya, akina mama wa vikundi vya maombi na vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Anayeyajibu ni muuguzi ambaye pia ni mzee wa kanisa. Yanayohusu dawa na vipimo yasome kama mwanzo wa mazungumzo na daktari wako, maana yeye ndiye anayekujua wewe na ugonjwa wako.

Biblia inasema wapi kwamba kutunza mwili ni jambo la kiroho?

Wengi tunakumbuka 1 Wakorintho 6:19-20: mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, "wala ninyi si mali yenu wenyewe; maana mlinunuliwa kwa thamani." Tuseme ukweli: Paulo pale alikuwa anakemea uasherati, hakuwa anazungumzia chumvi wala mazoezi. Lakini sababu anayoitoa inafika mbali kuliko kosa analolikemea. Kama mwili si wangu, basi nimekabidhiwa, na aliyekabidhiwa kitu cha mwenyewe hakitumii anavyojisikia.

Liko na jambo kubwa zaidi ya aya hiyo moja. Neno alifanyika mwili (Yohana 1:14). Mwokozi wetu aliona njaa, alichoka na safari akaketi kisimani Sikari, alilala usingizi chomboni huku mawimbi yanapiga. Alipofufuka hakuuacha mwili kaburini. Aliwaonyesha wanafunzi mikono yake, akala samaki mbele yao. Mkristo anayeuona mwili kama takataka ya kubebea roho atapata shida kueleza Krismasi, na atapata shida zaidi kueleza Pasaka.

Lakini si Paulo huyohuyo alisema mazoezi ya mwili "yafaa kidogo"?

Ndiyo, 1 Timotheo 4:8. Kufaa kidogo ni kufaa. Alikuwa anapanga mambo kwa uzito wake, utauwa ukitangulia. Na katika barua hiyohiyo, sura ya 5 aya ya 23, anamwagiza Timotheo aache kunywa maji matupu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Mtume hakuona aibu kuweka ushauri wa tumbo ndani ya barua ya uchungaji.

Nimeombewa na nimeamini nimepona presha. Nikiendelea kumeza dawa, si nitakuwa nimekosa imani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonikosesha usingizi. Jibu ni hapana. Endelea na dawa.

Presha ya kupanda haina kelele. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100 akaimba kwaya vizuri, akalima, akacheka, asihisi chochote. Kwa hiyo kujisikia mwepesi baada ya maombi hakukuambii presha imeshuka. Kipimo ndicho kinachokuambia. Na kipimo kikiwa kizuri wakati unameza dawa, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, presha inarudi kimyakimya, na watu wanakuja kushtuka siku mzee ameanguka msalani na upande mmoja haunyanyuki. Tumezika watu kwa njia hii. Sisemi hivyo kumtisha mtu. Nasema kwa sababu msiba wa namna hiyo unazuilika.

Mungu anaponya, nami naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Yesu alipowatakasa wakoma aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio walikuwa na mamlaka ya kukagua na kuthibitisha. Fanya vivyo hivyo: nenda kliniki, sema umeombewa, omba upimwe, na mwache daktari apunguze au aondoe dawa yeye mwenyewe. Kama umepona, vipimo vitashuhudia, na ushuhuda wako kanisani utakuwa na miguu.

Tazama pia jinsi Maandiko yanavyochanganya sala na tiba bila wasiwasi wowote. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda vyake, akavitia mafuta na divai. Luka anaitwa "tabibu mpendwa" katika Wakolosai 4:14. Na waliotuletea Injili hapa kwetu hawakutenganisha mambo haya: Albert Cook, daktari mmisionari, alianzisha hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Hospitali za Haydom, Bugando na KCMC hapa Tanzania, na Kijabe kule Kenya, zote zimetokana na makanisa. Wazee wetu walijenga wodi na kanisa katika kiwanja kimoja. Sisi tumeipata wapi hii habari ya kuchagua kimoja?

Maneno haya yanawahusu pia wanaotumia dawa za VVU, za kifua kikuu, za kisukari na za kifafa. ARV ukizikatiza, virusi huongezeka tena na vinaweza kuwa sugu, dawa ileile isikusaidie tena. Dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida hutumika miezi 6, ukiziacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekwisha, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi, na utawaambukiza walio nyumbani mwako. Na anayeacha ghafla dawa za kifafa anaweza kupata degedege mfululizo zikamuua.

Kifafa si pepo? Yesu alimkemea pepo yule kijana akapona.

Yesu alijua alichokuwa anakikabili. Sisi tunapokutana na mtoto anayeanguka, hatuna ruhusa ya kurukia hitimisho lile huku tukimnyima dawa. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa zaidi ya nusu karne iliyopita, na watu waliokuwa wametengwa na kuogopwa wakaonekana wakirudi mashambani na kwenye familia zao kwa vidonge vya kila siku. Mwombee mtoto. Mpe na kidonge chake. Na msimfunge kamba, msimchome, msimnyime chakula eti mpaka pepo atoke. Hayo ni mateso, na tutayatolea hesabu.

Vipi kuhusu maji ya upako, mafuta, na vikombe kama kile cha Loliondo?

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani kwa kuwa walitolewa wodini wakiwa taabani. Wapo pia walioacha ARV baada ya kunywa. Mzee mwenyewe amekwisha kufariki, mwaka 2021, wala sina neno la kumhukumu. Ninalolishika ni hili: Yakobo 5:14 inatupa mafuta na sala ya wazee wa kanisa, na tunayatumia kwa furaha. Haituambii popote tumtoe mgonjwa kwenye dripu. Anayekuombea halafu anakuambia uache dawa, mkimbie, hata kama ana jina kubwa.

Nina kisukari. Naweza kufunga?

Inategemea unatumia dawa gani na sukari yako imekaaje, ndiyo maana ongea na kliniki kabla ya Kwaresima au kabla ya mfungo wa kanisa kuanza, usisubiri siku ya tatu umeshaanza kutetemeka. Anayechoma insulini, au anayetumia vidonge vinavyoweza kushusha sana sukari, akikaa bila kula yuko hatarini. Dalili ni jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa, mtu kuongea ovyo. (Nimeona kikundi kikikemea mapepo kwa mama ambaye sukari yake ilikuwa imeshuka tu.) Ukiwa na kipimo na kinasoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), fungulia palepale: glukosi, soda ya kawaida, au vijiko vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Asiyeweza kumeza au aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali mara moja. Na usiache insulini ili upate kufunga. Sukari inaweza kupanda mpaka ukalazwa ukiwa hujitambui.

Wengine wasiofunga chakula bila ushauri wa daktari ni wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee dhaifu, wenye ugonjwa wa figo, wenye vidonda vya tumbo na walio kwenye dozi za TB. Anayetumia ARV za siku hizi, kidonge kimoja kwa siku, anaweza kukimeza akiwa amekula au hajala, kwa hiyo mfungo usiwe sababu ya kuruka dozi. Funda la maji la kumezea dawa halikuvunjii mfungo mbele za Mungu.

Kanisa halijawahi kuwa katili katika jambo hili. Sheria ya Kanisa Katoliki inawadai mfungo watu wazima kuanzia miaka 18 hadi 59, na wagonjwa wanasamehewa. Nawe una namna nyingine. Danieli 10:3 anasimulia wiki tatu ambazo hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai. Hakukaa na njaa kavu, alijinyima vitamu. Mwenye kisukari anaweza kujinyima nyama, simu baada ya saa moja jioni, tamthilia, umbea, na fedha aliyookoa akampelekea mjane. Soma Isaya 58 uone Mungu anauita mfungo gani kuwa ameuchagua.

Mchungaji wetu anahimiza mfungo mkavu wa siku nyingi. Tumtii?

Esta alifunga siku tatu bila kula wala kunywa, taifa zima likiwa hatarini kuangamizwa. Musa alikaa siku 40 mlimani kwa muujiza ambao hakuna aliyetuagiza tuuige. Mwili usiopata maji huanza kuharibika ndani ya siku chache, figo zikitangulia.

Na hatuwezi tena kulijibu swali hili kana kwamba Shakahola haikutokea. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wengi walikufa kwa njaa, wakiwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Walikuwamo watoto. Watoto hawakuchagua kitu. Walikuwa wakilia njaa mikononi mwa wazazi waliofundishwa kwamba kuwapa uji ni kumkosea Mungu.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kiongozi anayekataza maji, anayefungisha watoto, anayezuia mtu kwenda hospitali au kuondoka kambini, hatakiwi kutiiwa. Anatakiwa kuripotiwa. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, nenda polisi, piga kelele. Paulo anaandika kwamba hakuna mtu auchukiaye mwili wake, bali huulisha na kuutunza, kama Kristo anavyolitendea Kanisa (Waefeso 5:29). Bwana wetu ndiye aliyeamuru binti Yairo apewe chakula mara tu alipofufuka.

Mikesha ya maombi kila wiki ina shida?

Mkesha ni mzuri. Mkesha wa Ijumaa, halafu Jumamosi msiba, Jumapili ibada tatu, Jumatatu kazini saa 12 asubuhi, huo ni uchovu uliovikwa kanzu. Usingizi mchache unapandisha presha, unavuruga sukari na unaleta ajali; dereva wa bodaboda aliyetoka kukesha asibebe abiria. Zaburi 127:2 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Wachungaji na wake zao walisikie hili kuliko wote. Yesu aliwaambia mitume waende faragha wakapumzike kidogo, wakati umati ulikuwa bado unakuja (Marko 6:31).

Je, Mkristo azuiwe vyakula fulani?

Ndugu zetu Waadventista Wasabato wanafuata mafundisho yao kuhusu nyama na vinywaji, na nidhamu yao ya afya inastahili heshima. Makanisa mengine yanasimama kwenye Marko 7 na Warumi 14. Tusigombane hapo. Sisi tunaokula kila kitu ndio tunaohitaji kuulizwa kuhusu wingi. Kwenye sherehe ya kipaimara utaona sahani moja ina pilau, ndizi, chipsi, nyama ya kukaanga, na soda mbili pembeni, halafu mboga za majani hazijaguswa. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwamo ile iliyojificha kwenye viungo vya paketi. Dona ni bora kuliko sembe. Maharage, mchicha, dagaa, parachichi na mapapai vipo sokoni, wala si chakula cha maskini kama tunavyodhani. Ulafi umo katika Biblia kama dhambi, lakini ni lini mara ya mwisho umeusikia ukihubiriwa?

Pombe, sigara, ugoro?

Tumbaku kwa namna zote inaua, iache, na kama imekushika omba msaada. Kuhusu pombe makanisa yanatofautiana, ila ulevi haubishaniwi. Gongo na vinywaji vya kwenye vichupa vya bei rahisi vinamaliza vijana wetu maini na ndoa kwa pamoja.

Je, ni heshima kwa mama wa kanisa kukimbia barabarani?

Vaa vizuri, kimbia. Au tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Hizo 150 ndizo zinazoshauriwa kwa mtu mzima. Anayelima kwa jembe na kuchota maji kisima cha mbali amekwisha kufanya, asiongezewe mzigo.

Mkorogo nao ni suala la kiroho?

Ndiyo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, ambayo inaharibu figo na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni au steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapata mabaka na isipone vizuri hata kidonda cha upasuaji. Lakini kabla ya kumkaripia dada, kanisa lijiulize nani alimfundisha kwamba weusi wake una kasoro. Bibi harusi mweupe anapigiwa vigelegele na sisi wenyewe. Zaburi 139:14 iliandikwa kwa ajili yake pia, na rangi yake ilikuwamo.

Nina sonona. Naambiwa nina roho ya mauti.

Pole sana, ndugu yangu. Soma 1 Wafalme 19. Elia, siku chache baada ya ushindi wa Karmeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale, kwa maana safari ilikuwa ndefu. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu.

Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, ina tiba, kwa ushauri nasaha na wakati mwingine kwa dawa. Mama aliyejifungua naye anaweza kuipata, akamtazama mtoto wake bila kuhisi kitu, na akaogopa kusema. Kama unawaza kujiua, usikae peke yako usiku wa leo: mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali. Ninyi mnaokaa naye, ondoeni sumu ya mazao na dawa zilizozagaa ndani ya nyumba.

Kwenda kupima si kujitafutia ugonjwa?

Ugonjwa haungoji kutafutwa. Saratani ya mlango wa kizazi inaua akina mama wengi hapa kwetu, na ni miongoni mwa zinazozuilika vizuri. Muuguzi hupaka siki maalumu, huangalia, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Wanawake waanze wakiwa na miaka 30. Wanaoishi na VVU waanze wakiwa na 25. Wasichana wapate chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Haiwafanyi wasichana kuwa wahuni. Inawakinga na kirusi ambacho hata msichana mwadilifu anaweza kukipata kwa mume wake. Akina baba, mkojo ukianza kusumbua usisingizie uzee. Wachumba, mpime VVU pamoja, na majibu yawe yenu ninyi wawili, yasiwe ya kamati ya harusi.

Mimi ni mgonjwa wa kudumu. Basi nimeharibu hekalu?

Hapana. Wapo waliozaliwa na selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), wapo waliopata saratani bila kosa, wapo waliovunjwa uti wa mgongo na ajali. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu alikataa swali lenyewe (Yohana 9:3). Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, haukutoka, akabaki mtume. Hata kama ugonjwa wako ulitokana na uliyoyatenda, msamaha upo, na mwili ulionao leo ndio unaoombwa kuutunza leo. Hekalu lenye ufa bado linakaliwa.

Anayetumia fundisho la mwili kama hekalu kumwaibisha mnene, mlemavu au mwenye VVU, amelichukua neno la neema akalifanya fimbo.

Sina bima wala hela ya vipimo. Nifanye nini?

Hapa swali linawageukia wengine. Katika 1 Wakorintho 3:16 Paulo anaandika "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu", akiliambia kanisa zima kwa pamoja. Mwili wa mshirika maskini unahusu mfuko wa usharika. Tunachanga mamilioni ya spika na viti. Tuchange na kadi za bima za wajane kumi. Wewe mwenyewe, mweleze mzee wa mtaa wako bila aibu, na ukifika hospitali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii.

Usharika wetu unataka kupima watu presha baada ya ibada. Tuanzeje?

Tafuteni wauguzi mlio nao, hawakosekani, na zungumzeni na zahanati iliyo karibu ili mjue mtampeleka wapi atakayekutwa na shida. Nunueni mashine ya mkononi yenye mikanda ya ukubwa tofauti. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma uongo. Meza iwekwe mbali na kelele za mnada wa mazao. Mtu akae ameegemea, miguu chini, dakika tano bila kuongea, mkono ukiwa usawa wa moyo, na awe amekwenda haja ndogo. Mpimeni mara mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, msimwambie ana ugonjwa. Aandikiwe, arudi siku nyingine, na ikijirudia aende kliniki. Ikiwa 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kifua kubana, kichwa kuuma sana, macho kutoona vizuri au upande mmoja kulegea, tafuteni gari mara moja.

Daftari la majina likae kwenye kabati lenye kufuli, na funguo awe nazo muuguzi. Asipewe mwenyekiti wala katibu, na mchungaji naye asisome namba za mtu bila mwenyewe kumruhusu.